Hesabu ya Senti Ndogo

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa Jumuiya yetu, Buyenzi, Bujumbura

 



Katika siku ya furaha kama hii ni ada kwa msemaji kuwataja waliotutangulia, walioijenga misikiti na vyuo vya mtaa huu, na kuwaombea dua. Hayo wameyatimiza wenzangu waliosema kabla yangu, tena wameyatimiza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nami Mwenyekiti amenipa ruhusa nichague neno langu mwenyewe, nikachagua neno dogo sana, hata pengine baadhi yenu mtaona halifai kusomwa mbele ya mkutano mkubwa. Nataka kusema juu ya fedha ndogo ndogo, za dola mbili na dola tano, wanazozipata watoto wetu walioko Marekani kwa kujibu maswali ya madodoso katika intaneti, na kama yapasa fedha hizo kuandikwa katika hesabu ya kodi ya mapato au haipasi.

Msishangae kwamba neno la Marekani lasemwa Buyenzi. Nyumba zetu nyingi zina mtu wake kule. Wako wazee waliokimbia nchi hii mwaka 1972, wakalea watoto wao Tanzania, na kuanzia 2007 wakapokewa Marekani kwa maelfu. Wako waliotoka katika vita vya baada ya 1993. Leo watoto wao wafanya kazi maghalani, katika viwanda vya nyama na katika nyumba za kutunzia wazee, na jioni wakirudi wamechoka hushika simu zao wakatafuta cha kuongezea. Katika dola zinazotumwa hapa wakati wa Ramadhani na wakati wa msiba, baadhi zatoka huko huko simuni. Basi ni haki yetu kujua zimepatikanaje, na ni wajibu wetu kuwaambia watoto wetu neno la kweli wanapotuuliza.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni itakayo kujua watu wanapenda sabuni gani au chakula gani huipa kazi kampuni nyingine inayokusanya maoni. Mtu hujiandikisha kwa jina lake, umri wake, mji wake na kazi yake, kisha huletewa maswali. Kwa maswali ya robo saa hupewa senti kadhaa, mara nyingine dola moja au mbili. Na mara nyingi akisha kujibu maswali kumi huambiwa kwamba yeye siye mtu anayetafutwa, akaondolewa bila kitu. Malipo huja kwa pointi, na pointi zikifika kiasi kilichowekwa hubadilishwa zikawa fedha, au zikawa kadi ya kununulia dukani, ambayo wao huiita kadi ya zawadi. Anayengoja utajiri katika kazi hii atangoja sana. Walakini ni kazi, na ujira wake, yakiwa maswali yamejibiwa kwa kweli, ni halali, kwani mtu ametoa wakati wake kwa malipo yaliyojulikana, nayo ni ijara kama ijara nyingine.

Mzee mmoja wa Jumuiya hii aliletewa swali na mwanawe kwa simu, akanijia nalo baada ya sala ya Alasiri. Kijana yule ni kapera, afanya kazi ghalani, na katika mwaka 2025 alipata kwa maswali hayo dola 240. Akamwambia baba yake: "Muulize Sheikh. Wenzangu wote wasema hizi haziandikwi." Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na mambo ya kodi ya Marekani sikuyasomea, kwa hiyo niliwauliza wayajuao, nikayapima waliyonijibu, na hayo ndiyo niliyowaletea leo.

Katika Marekani mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Januari ukaisha tarehe 31 Desemba, na hesabu hupelekwa kwa idara ya kodi ya serikali kuu, iitwayo IRS, na mwisho wake kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Raia na mkaazi wa kudumu hutozwa kwa mapato yake yote, popote yalipotoka. Na mapato kwao ni neno pana. Mshahara ni mapato, faida ni mapato, na ujira wa kujibu maswali ni mapato vile vile, uwe ni fedha taslimu au uwe ni kadi ya duka. Kadi ya dola 25 huhesabiwa dola 25. Wala hapana mahali sheria iliposema kwamba ujira ukiwa mdogo hauitwi mapato.

Sasa, wale wenzake kijana wamelitoa wapi neno lao? Wamelitoa katika hesabu ya dola 600. Sheria iliiamuru kampuni inayomlipa mtu asiye mwajiriwa wake dola 600 au zaidi katika mwaka mmoja impelekee IRS karatasi ya taarifa, ijulikanayo kwa nambari 1099, na nakala yake impe yule aliyelipwa. Kwa malipo ya kuanzia mwaka 2026 kiasi hicho kimepandishwa hadi dola 2,000, kwa sheria iliyopitishwa 2025. Basi watu wakaona kwamba aliyelipwa dola 599 haletewi karatasi, wakasema, "Huyu hadaiwi." Na kwa kuwa kiasi kimepanda, watasema sasa kwamba aliyelipwa dola 1,999 hadaiwi.

Ndugu zangu, mimi naona kosa hili lawaingilia Waislamu upesi kuliko watu wengine, na sababu yake ni njema. Sisi tumelelewa katika nisabu. Twajua kwamba mwenye dhahabu iliyo pungufu ya gramu 85 hana zaka ya dhahabu, na mwenye ngamia wanne hana zaka ya ngamia. Chini ya mpaka huo mtu yuko huru, wala hapana wa kumwuliza. Kwa hiyo kijana akisikia "dola 600" moyo wake humwambia: hii ndiyo nisabu yao. Siyo. Ile 600 ni mpaka wa wajibu wa kampuni kupeleka taarifa, haikuwa kamwe mpaka wa wajibu wa aliyelipwa. Mfano wake ni duka ambalo karani wake ameambiwa aandike mauzo makubwa tu. Mauzo madogo hayamo katika daftari la karani, lakini fedha zimo sandukuni, na mwenye duka azijua. Akija kuulizwa ameuza kiasi gani, je, atajibu kwa daftari la karani au kwa sanduku lake?

Iko hesabu nyingine, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na nisabu, ila ni ya kodi moja tu. Mtu afanyaye kazi kama hii kwa mfululizo na kwa kutaka faida, akapata faida ya dola 400 au zaidi katika mwaka, hutozwa juu ya kodi ya mapato kodi nyingine ya mfuko wa uzee na matibabu, nayo ni asilimia 15.3 ya faida hiyo baada ya kupunguzwa kidogo. Kiasi hicho cha dola 400 kiliwekwa mwaka 1951, wala hakijabadilishwa hata leo, jambo la ajabu katika nchi ambayo kila kitu hupanda bei. Chini ya dola 400 kodi hiyo ya mfuko haimfikii mtu. Lakini mapato yenyewe huandikwa, maana anapeleka hesabu ya mshahara wake, na hesabu huwa ni ya mapato yote.

Hapo ndipo alipo kijana wetu. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa kama dola 31,000. Sheria humwachia kapera, kwa mwaka 2025, dola 15,750 za kwanza bila kodi, na katika zinazobaki, zile za juu zake hutozwa asilimia 12. Basi dola 240 za maswali zamletea kodi ya serikali kuu isiyozidi dola 29. Nimeirudia hesabu hiyo mbele ya mzee, na mzee akacheka, akasema, "Sheikh, ndizo hizi tulizokesha nazo?"

Ndizo hizo hizo. Kwa sababu chini ya karatasi ile, juu ya mahali pa sahihi, pana maneno ambayo mtu hukiri kwayo, akijua kwamba yako adhabu za kiapo cha uwongo, kuwa aliyoyaandika, kwa kadiri ya ujuzi wake, ni ya kweli, ni sahihi na ni kamili. Liangalieni neno hilo la mwisho. Hakuulizwa kama kampuni ilimletea karatasi. Amekiri kwamba amesema yote. Siku hizi watu hutia sahihi kwa kidole katika simu, wasisome, kama wanavyokubali masharti ya kila kitu simuni. Lakini kidole hicho ni sawa na kalamu, na kalamu ni sawa na ulimi. Mwislamu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba ushahidi wa uwongo wahesabiwa pamoja na madhambi makubwa, atoe ushahidi kwa dola 29?

Yuko ambaye atasema, "Lakini mimi sikulipwa, nilipewa zawadi. Kadi yenyewe imeandikwa zawadi." Neno hili nimelisikia kwa watu wazima, si kwa watoto tu, na nataka nikae juu yake kidogo.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema kwamba fungu moja ni la Waislamu na la pili ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume alichukizwa, akapanda mimbari mbele ya watu, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfuata huko. Wanavyuoni wamelitumia swali hilo kwa kazi nyingi, nami nalitumia kwa hii. Ewe kijana, lau hukujibu maswali yao, je, kampuni ile ingekuletea kadi ya dola 25? Kama ingekuletea, ni zawadi. Kama isingekuletea, ni ujira, hata ikifungwa kwa utepe mwekundu na kuandikwa zawadi kwa herufi za dhahabu.

Na sheria ya kule katika jambo hili haiko mbali na akili ya fikihi. Zawadi ya kweli, kama fedha anazotumiwa kijana na ami yake siku ya Idi, si mapato ya kutozwa kodi kwa anayepokea. Tena kampuni hizi nyingine humrudishia mtu sehemu ya bei ya kitu alichonunua mwenyewe. Hiyo nayo si mapato, kwani ni kupunguziwa bei tu. Basi asije mtu akatishika akaandika visivyoandikwa. Atenganishe: hiki nimepunguziwa, hiki nimetunukiwa, hiki nimefanyia kazi. Cha tatu ndicho kiandikwacho. Na kama kazi hiyo aifanya kama biashara, na amegharimu kitu kwa ajili yake, kama sehemu ya malipo ya intaneti, ana ruhusa ya kutoa gharama hiyo, kwa kipimo cha kweli. Asiitoe intaneti yote ya nyumba ambayo watoto huitazamia mpira.

Lipo neno zito zaidi, nalo husemwa kwa jina la dini. Wako wasemao: "Kodi hizi si zaka, hazikuamriwa na sharia, na serikali yenyewe si ya Waislamu, kuificha mali yako isichukuliwe si dhambi." Ni kweli kwamba kodi si zaka, wala anayelipa kodi hajatoa zaka yake. Ni kweli pia kwamba wanavyuoni wetu waliwalaumu watawala waliotoza watu kwa dhuluma. Na wengine, kama Imamu Ghazali na Imamu Shatibi, wakaeleza wakati ambao mtawala ana haki ya kutoza zaidi ya zaka kwa haja ya watu. Mlango huo ni mrefu, nami leo siuingii, kwa sababu swali letu lajibika bila ya kuuingia.

Kijana wetu hakuvuka mpaka wa Marekani usiku. Aliingia kwa ruhusa. Alipewa karatasi, naye akakubali kuishi kwa sheria za mahali pale, na kwa hiyo ana amani yao nao wana amani yake. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo hapa na pwani yote, ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba Mwislamu aliyeingia nchi ya wasio Waislamu kwa amani haimhalalikii kuwafanyia khiyana katika mali zao. Ameyasema hayo juu ya nchi iliyo vitani na Waislamu. Itakuwaje nchi iliyompokea mtoto wako akiwa mkimbizi, ikamtibu, na kumsomesha bure? Tena mkumbuke usiku wa Hijra, mwaka 622. Makureshi wamekusudia kumwua Mtume, na nyumbani kwake zimo amana za hao hao Makureshi. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma, katika hatari, ili amana zirudishwe kwa wenyewe. Angekuwapo mtu wa kusema kwamba mali ya adui haina hesabu, usiku ule ndio ungekuwa wake.

Wazee wangu, yako na madhara ya dunia, nami siyafichi, maana wengine huyaogopa hayo kwanza. Kijana anayetaka kuwa raia wa Marekani hujaza karatasi nyingine, na ndani yake huulizwa juu ya kodi zake: kama anadaiwa kodi iliyochelewa, na kama alipata kuacha kupeleka hesabu. Mwenendo wake mwema huangaliwa, kwa kawaida wa miaka mitano. Na mwenye kupokea msaada wa chakula au wa pango la nyumba ana wajibu wa kueleza mapato yake kwa wanaompa msaada huo pia. Kwa faini zenyewe, aliyepunguza kwa uzembe aweza kuongezewa asilimia 20 ya kodi iliyopungua, na aliyekusudia udanganyifu asilimia 75. Katika dola 29 hizo ni senti. Katika karatasi ya uraia si senti.

Nimefika sasa mahali pagumu, nanyi mtaniwia radhi, kwa sababu hapa siwasemi watoto walioko mbali. Nawasema walioketi nyuma ya ukumbi huu.

Kampuni za maoni huwalipa watu wa Marekani zaidi kuliko watu wa kwetu, maana wanunuzi wa maoni wayataka ya wanunuzi wa sabuni wa kule. Vijana wetu wakalijua hilo. Wakatafuta programu za kuificha nchi waliyomo, wakaazima jina na akaunti ya ndugu aliyeko Marekani, au wakaikodi kwa mtu wasiyemjua, wakaketi hapa Bujumbura usiku wakijibu kwamba wao ni watu wa Ohio, wana gari mbili na mbwa. Nimewaona vijana hawa. Ni werevu, na kazi hapa ni haba, wala simlaumu kijana kwa kutafuta. Namlaumu kwa kuuza maneno ya mtu asiyekuwako.

Habari hii ilinijia kwa hukumu, na nimepewa idhini niiseme bila majina. Wawili ni watoto wa dada na dada. Aliyeko hapa alitumia akaunti ya aliyeko kule, na mwaka 2024 akafanya kazi ya dola 1,400. Fedha ziliingia kwa jina la yule wa kule, naye akazituma hapa, akijiwekea kidogo. Kwa kuwa zilipita 600, mwanzo wa 2025 kampuni ilipeleka karatasi kwa IRS, na nakala ikamfikia kijana wa Marekani. Akaitia kabatini. Akasema, "Hizi si zangu, ni za ndugu yangu." Akatia sahihi hesabu yake ya mshahara peke yake. Mashine za IRS hulinganisha karatasi za makampuni na hesabu za watu, na zisipolingana mtu huandikiwa barua. Barua ilimfikia: kodi ya mapato na ile ya mfuko, jumla zaidi ya dola 300, na riba juu yake. Akampigia ndugu yake amrudishie. Ndugu akasema kwamba fedha zimekwisha kuliwa. Wakatukanana, mama zao wakaingia kati, na dada wawili waliozaliwa nyumba moja wakaacha kuzikana jirani. Mwezi wa tatu wakaja kwangu.

Nikawaambia: mbele ya serikali ile deni ni la mwenye jina, hana pa kukimbilia, maana ndiye aliyekubali jina lake litumike, na masharti ya akaunti yalimkataza. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu aliyepokea fedha hawezi kumwachia mwenziwe mzigo wake. Nikaamua kwamba aliyeko hapa alipe kodi kwa kadiri ya fungu alilopokea, polepole, na riba waigawe nusu kwa nusu, kwani barua ilikaa kabatini kwa uvivu wa mmoja na kwa kunyamaza kwa wa pili. Akaunti ifungwe. Wakaridhika, nao mama zao wamepatana, alhamdulillahi, ingawa si kama zamani.

Na ajabu ya kisa hiki ni kwamba uwongo ndio uliozaa kodi. Mgeni asiyekaa Marekani, akifanya kazi kwa jina lake mwenyewe hali yuko Bujumbura, kazi hiyo imefanyika nje ya Marekani, na kodi ya mapato ya kule haimhusu. Atawajibika kwa sheria ya nchi anayokaa. Aende OBR, ofisi ambayo iko hapa hapa mjini tangu 2009, aulize. Ujira wake ungekuwa mdogo zaidi, lakini ungekuwa wake.

Juu ya majibu yenyewe sitarefusha. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na umajimaji, mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Akalaumiwa kwa kuwa iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Anayesema ana miaka 25 hali ana 45 ili aletewe maswali zaidi, huyo ameweka kavu juu. Ikiwa ujira umepatikana hivyo, kuuandika katika hesabu ya kodi hakuutakasi. Aache, na azitoe fedha hizo kwa masikini.

Sasa kwa walioko kule, na wazazi wawapelekee maneno haya. Mtu awe na daftari dogo, au ukurasa simuni, aandike tarehe, jina la kampuni na kiasi, kila anapopokea fedha au kadi. Asingoje karatasi ya kampuni. Mwezi wa Januari ajumlishe. Asiyejua Kiingereza vizuri au mwenye kipato kidogo asaidiwe na watu wa VITA, ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamewajazia watu hesabu zao bure, nao hukaa katika maktaba na vituo vya mitaa wakati wa msimu wa kodi. Ama yule anayezunguka misikitini akitaka alipwe fedha mkononi, akaahidi marejesho makubwa, kisha akakataa kutia sahihi yake katika hesabu aliyoijaza, huyo akimbiwe. Sheria yamlazimisha anayelipwa kujaza hesabu ya mtu aitie sahihi yake pia, na asiyetaka jina lake lionekane ana sababu.

Na ambaye miaka iliyopita hakuandika, iko karatasi ya kusahihisha, nambari yake 1040-X. Huijaza kwa kila mwaka aliopunguza, mwaka kwa karatasi yake, akalipa kilichopungua pamoja na riba. Anayejisahihisha kabla ya kuandikiwa barua hali yake ni nyepesi zaidi. Kijana wa dola 240 hakuhitaji hayo, maana aliuliza mapema. Baba yake amenionyesha jana ujumbe wake kwamba amekwisha kuandika na kupeleka. Wenye watoto walio katika hali ya kutaka kusahihisha, na wasiojua pa kuanzia, wanione baada ya sala ya Isha. Yupo nasi leo ndugu mmoja aliyekuja likizo kutoka kule, naye kazi yake ni hesabu. Amekubali kukaa nasi hadi saa nne usiku, na siku ya Jumapili pia.